Jini, Maiti na Mwosha: Miaka Yangu ya Kupodoa Filamu za Kutisha

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika saa moja kasorobo asubuhi, kabla mlango haujafunguliwa. Ilikuwa nyumba ya kupanga kule Mkomani, yenye ua mkubwa na mpapai mmoja uliokauka. Nilibeba sanduku la chuma lenye tabaka nne: brashi juu, rangi chini yake, maji ya mpira na unga wa jeletini tabaka la tatu, na chini kabisa, ndani ya bahasha ya plastiki, stashahada yangu ya upodoaji wa filamu na jukwaa. Wakati ule, kutoka Likoni mpaka Kisauni, sikumjua mtu mwingine aliyekuwa nayo, na niliuliza sana. Sisemi haya kwa kujisifu. Nayasema kwa sababu ni kweli, na kwa sababu nyinyi mabinti mnaoshika brashi leo mnadhani kazi hii ilizaliwa pamoja na simu zenu.

Niliondoka Chaani nikiwa na miaka kumi na tisa. Nilifagia nywele katika saluni za Ghuba, nikajifunza kuosha, kisha kusuka, kisha kupaka rangi. Baadaye nikavuka mpaka Afrika Kusini, nikaingia chuo nikiwa mkubwa kuliko baadhi ya walimu wangu. Hakuna mjomba aliyenishika mkono. Nilirudi nyumbani na sanduku lile nikiwa tayari najua kutengeneza kidonda ambacho daktari angetaka kukishona.

Mwongozaji, yaani yule anayewaelekeza waigizaji na kuamua kamera itaona nini, alikuwa mtu wa bara, mwembamba, mwenye kofia isiyovuliwa. Alinitazama mimi, akalitazama sanduku.

"Wewe ndiye wa poda?"

"Mimi ni mpodoaji," nikamwambia. "Nina stashahada."

"Sawa, Bi Stashahada. Kuna jini moja inangoja huko jikoni. Nataka iwe tayari saa tatu."

Jina hilo la Bi Stashahada lilinishika siku ile ile. Waliniita hivyo kwa dhihaka, nami nikaitika kwa fahari mpaka dhihaka ikawaishia.

Jini aliyeningoja jikoni alikuwa mwanamke wa Kisauni aitwaye Mwanaidi, mjane wa miaka thelathini na kitu, amekaa juu ya ndoo iliyofunikwa anakula mahamri na mbaazi. Akaniomba kwa adabu nimwache amalize, maana akishavalishwa meno hawezi kutafuna mpaka alasiri. Alikuwa na uso ambao mpodoaji huuombea: mifupa ya mashavu iko juu, macho makubwa, ngozi inayopokea rangi bila kuinywa. Nilimpaka kijivu cha majivu, nikamwekea mishipa ya zambarau shingoni, nikamvika lenzi nyeupe machoni. Alipotoka uani, mpiga picha aliangusha kifuniko cha kamera. Mwongozaji alizunguka mara mbili kumtazama kisha akasema tu, "Hiyo stashahada, usiipoteze."

Nitawaeleza kidogo jinsi kazi ilivyokuwa. Usiku wa filamu zetu tuliutengeneza mchana. Waigizaji wengi walikuwa wanawake wenye nyumba zao, nao ilibidi wawe wamefika kwao kabla ya magharibi, basi tulifunika madirisha kwa blanketi za kijivu na kuweka taa moja ya buluu pembeni. Damu ya bandia niliipika mwenyewe, na ilikuwa ya aina mbili. Ile ya mdomoni hutengenezwa kwa sukari iliyochemshwa mpaka ikawa nzito kama asali, rangi ya chakula, na kakao kidogo ili isifanane na sharubati ya harusini. Ile ya nguo huongezwa sabuni ya maji ili doa litoke. Kabla yangu walikuwa wakitumia rangi ya kupaka mabati, na kuna mama mmoja wa Kongowea aliyekwenda harusini na shingo nyekundu wiki nzima baada ya kuchinjwa katika filamu.

Halafu kuna kitu kiitwacho mwendelezo. Filamu haipigwi kwa mpangilio utakaouona. Mwisho unaweza kupigwa Jumatatu na mwanzo ukapigwa Alhamisi. Basi kovu lililo shavu la kushoto sharti libaki kushoto, kwa urefu ule ule, na mpodoaji hupiga picha ya kila uso na kuandika daftarini. Madaftari yangu yote ninayo mpaka leo. Hakuna kovu langu lililowahi kuhama.

Ni katika madaftari hayo nilipoanza kuona jambo. Kila ukurasa wa mwigizaji nilikuwa naandika jina lake na nafasi yake, na kwa upande wa wanawake nafasi zilikuwa zile zile tatu. Kulikuwa na jini, mrembo mpaka dakika ya ishirini, kisha wa kutisha. Kulikuwa na msichana anayefungua mlango aliokatazwa kuufungua, akapiga ukelele, akafa. Na kulikuwa na mama anayelia mlangoni na kuwaita wanaume. Aliyelishinda jini kila mara alikuwa mwanamume: mganga, au shekhe, au mpwa aliyerudi kutoka Nairobi. Siku moja nilimuuliza Mwongozaji kwa nini mwanamume asiwe anakimbia na kupiga kelele japo mara moja.

"Mwanaume akipiga kelele watu watacheka," akasema.

"Na mwanamke akibaki hai?"

Alifikiri kidogo, sitamnyima haki yake. "Akibaki hai, filamu inaishia wapi?"

Nilimpa jibu kwa kurudi kazini, maana nilikuwa na koo la kukata kabla ya saa sita.

Baada ya miaka minne Mwongozaji alirudi bara, na mimi nikahamia kituo changu cha pili, Chaani, mitaa ile ile niliyozaliwa. Bosi wangu mpya alikuwa Mtayarishaji. Mtayarishaji ndiye mwenye filamu: hutafuta vifaa, huajiri watu, na neno lake ndilo la mwisho. Huyu alikuwa amestaafu ukarani bandarini, na aliendesha filamu kama mzigo wa meli, kila kitu kwenye faili, kila faili na mhuri. Alikuwa mtu mwema, mwoga wa mabadiliko. Aliniita "bi" mbele za watu na "dada yangu" alipotaka nifanye kazi Jumapili. Sanduku langu aliliwekea chumba chake lenyewe, kitu ambacho hata chuoni sikukipata.

Mwanaidi alikuja nami. Wakati huo diski zilikuwa zimekwisha na filamu zinatazamwa kwenye mtandao, na uso wake ulikuwa umeenea pwani nzima. Kazi yangu ndiyo iliyouenezea sifa, nami nilijivuna. Sikujua sifa hiyo inamfanyia nini, mpaka asubuhi moja nilipokwenda soko la Kongowea kununua ndimu.

Mwanaidi alikuwa akiuza nazi pale tangu mumewe alipofariki. Nazi zake nzuri, zimepangwa, na kwa mwanamke wa meza ya pili watu wamejaa, kwake hakuna mtu. Nikasimama karibu yake nusu saa. Mama mmoja alikuja, akainua nazi, akaitikisa sikioni, akainua macho, akaiweka chini na kumfunika mwanawe uso kwa mtandio. Mpagazi wa mkokoteni akapita akipiga kelele, "Jamani mpisheni Mama Jini, asije akatunywa!" Watu wakacheka. Mwanaidi naye akacheka, kwa namna mtu anavyocheka akiwa hana la kufanya.

"Wananijua, bi," akaniambia. "Hiyo ndiyo kazi yako nzuri."

Siku ile ile alasiri alimwambia Mtayarishaji kwamba ameacha. Hakuwa na hasira. Alisema amelicheza jini miaka saba, wanawe wanaitwa watoto wa jini shuleni, na hajawahi hata mara moja kuonekana kwenye filamu akiwa mtu. Mtayarishaji alifungua faili, akalifunga, akamuuliza anataka kuwa mtu gani. Mwanaidi akajibu hajui, lakini mtu ambaye watu wakimwona sokoni watampa salamu.

Mimi ndiye niliyepata wazo, na hili sitamwachia mtu mwingine aseme ni lake. Nikasema: tufanye filamu ambayo mwanamke anayekabiliana na kitu cha kutisha si mganga wala si mwanamume. Awe mwosha maiti. Huku kwetu, mwanamke akifariki huoshwa na wanawake wenzake, na hao waosha ni watu wa heshima kubwa, huingia chumba ambacho wengine wote hubaki nje. Nani jasiri kuliko huyo? Marehemu aliyemwosha anarudi kumtembelea, na yeye hakimbii.

Mtayarishaji alikuna kidevu wiki nzima. Mwishowe akakubali kwa sharti moja. Kuosha maiti si jambo la mchezo, na yeye ana jamaa upande wa Likoni. Tupige dakika chache za jaribio, tuwaonyeshe waosha wenyewe kule Mtongwe, na wakiridhia watupe baraka zao na ua wao wa kupigia picha. Wakikataa, tunarudi kwenye faili la zamani, ambalo lilikuwa na hadithi ya jini la kisimani.

"Na jini hilo nani atalicheza?" Mwanaidi akauliza.

"Kama hutaki wewe, nitatafuta mwingine," Mtayarishaji akasema, "na ya mwosha tutaisahau."

Nilifanya jaribio lile kwa siku tatu. Marehemu aliigizwa na binti mmoja wa Chaani, aliyelala ameshika pumzi vizuri sana. Nilimpa rangi ya nta, midomo ya samawati iliyofifia, vivuli chini ya macho. Nywele zake nikazilowesha mafuta na kuziachia zimwangukie usoni, ndefu, nyeusi, jicho moja tu linaonekana katikati. Hivyo ndivyo nilivyofundishwa, na hivyo ndivyo mzimu wa kike unavyofanywa kila nchi ambako nimetazama filamu. Alipoinuka kutoka kwenye sanda, mimi mwenyewe niliyemtengeneza nilirudi nyuma hatua moja.

Mwanaidi alikuwa amesimama kando na vazi lake la mwosha. Akanisogelea polepole. "Bi, nywele hatuzifungi? Bibi yangu alipofariki nilichungulia mlangoni. Nadhani walizifunga."

Nikamwambia, mbele ya watu wote, kwamba kila mtu na kazi yake, na mwenye stashahada hapa ni mimi.

Tulivuka feri kwenda Likoni asubuhi ya Jumanne. Kiongozi wa waosha wa Mtongwe alikuwa Bi Mwanakombo, mama wa miaka sabini na zaidi, mfupi, mwenye mikono mipana. Alitukaribisha barazani pamoja na wenzake watano, tukapewa kahawa na kashata. Tuliamkia, tukaitikiwa, tukaulizana habari za wazee wa pande zote mbili mpaka zikaisha. Mtayarishaji akaweka kompyuta juu ya meza, na wakatazama.

Nilikuwa nangoja ukelele. Nilikuwa nimezoea ukelele, ndio uliokuwa stashahada yangu ya pili. Hakuna aliyepiga. Marehemu aliinuka, nywele zikamfunika uso, na wale wanawake sita wakatazamana. Mmoja akageuza uso akatazama ukuta.

Bi Mwanakombo akasema, "Huyu aliyemuosha ni nani?"

Mtayarishaji akaeleza kuwa mwosha ni Mwanaidi, huyu aliyekaa hapa.

"Ni wewe, mwanangu?"

"Ni mimi, bi," akasema Mwanaidi, na sauti yake ikawa ndogo.

"Ukamuacha hivi? Ukatoka chumbani ukasema umemaliza?"

Nikaingilia. Nikaeleza, kwa Kiswahili changu cha darasani, kwamba hii ni sanaa, kwamba duniani kote mzimu hufanywa namna hii, kwamba nimesomea. Bi Mwanakombo alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema kwamba mwanamke akioshwa nywele zake hufumuliwa, huoshwa, husukwa mikia mitatu na kulazwa nyuma, na hilo hata mwosha wa siku ya kwanza hulijua. Maiti aliyetoka kwa waosha akiwa hivi ni aibu ya waosha. "Sisi mwataka tutoe ua wetu ili watu waje watuone hatujui kazi," akasema. Hakuinua sauti. Wenzake wakaanza kukusanya vikombe.

Kwenye feri ya kurudi Mtayarishaji alikuwa ameshafungua faili la jini la kisimani juu ya magoti. Mwanaidi alisimama kwenye chuma cha pembeni, hataki kunitazama. Mwishowe akasema, bila kugeuka:

"Miaka saba nangoja kuwa mtu, bi. Siku nilipopewa, ukanifanya mtu asiyejua kazi yake."

Nimetukanwa na waongozaji wa nchi tatu, na hakuna neno lililoniingia kama hilo. Maana lilikuwa kweli. Kosa lilikuwa langu, aibu akavaa yeye, na adhabu yake ilikuwa njiani: ama arudi kuwa jini, ama aache kabisa na kubaki Mama Jini na meza yake isiyo na wateja.

Alhamisi nilirudi Mtongwe peke yangu, bila sanduku. Nilimkuta Bi Mwanakombo anachambua mchicha. Nikamwamkia, akaitika, akanionyesha mkeka. Nikamwambia nimekuja kuomba radhi na nimekuja kufundishwa. Akaendelea na mchicha wake kidogo, kisha akaniambia nivue mtandio.

"Hapa si pa kusema," akasema. "Nywele hufundishwa kwa mikono."

Akakaa kwenye kigoda nyuma yangu, akafumua kichwa changu, akaanza kugawa. Mkia wa kulia, mkia wa kushoto, na wa utosini. Alikuwa akieleza anachofanya, namna mkono unavyokwenda taratibu, namna mtu asivyovutwa, kana kwamba bado anahisi. Alipofika mkia wa pili akaniuliza kama mamangu yu hai. Nikasema amefariki zamani, kule Chaani.

"Alipooshwa hukuingia?"

"Sikuwepo, bi. Nilikuwa ng'ambo."

"Kazini?"

Ningeweza kusema ndiyo. Nikasema ukweli, kwamba nilikuwa ndani ya chumba cha mtihani, mtihani wa mwisho wa stashahada, na salamu za msiba zilinifikia jioni yake. Nilisafiri wiki mbili baadaye nikakuta kaburi. Ndiyo maana mtu mzima kama mimi, mtoto wa Kiislamu, mzaliwa wa Chaani, sikujua jambo ambalo Mwanaidi alilichungulia mlangoni akiwa mdogo.

Mikono yake haikusita. Alimaliza mkia wa tatu, akailaza yote nyuma, akapitisha kiganja juu yake mara moja. "Basi na yeye walimfanya hivi," akasema. "Usiwe na shaka. Walimfanya hivi hivi."

Sitaandika zaidi ya hapo.

Nilipovaa mtandio wangu ndipo nilipoona njia. Nikamwambia: bi, na kama huyo marehemu wa filamu anarudi kwa sababu hakumalizwa? Amefia safarini, wakamzika haraka watu wasiojua, nywele zimeachwa wazi. Hadhuru mtu. Anatafuta mwosha. Na mwosha huyu, ambaye kila mtu anamwambia akimbie, anakaa chini na kummaliza.

Bi Mwanakombo alifikiri sana. "Basi hapo," akasema, "si jini huyo. Huyo yuwataka haki yake."

Akatoa masharti, nami nikayaandika. Nywele ziwe za bandia, si za binti wa watu. Mwili usionyeshwe, shuka lifunike mpaka kidevuni. Dua isisomwe kwa kuigiza. Na filamu ikimalizika, watazame kwanza wanawake. Nilipoyasoma masharti hayo mbele ya Mtayarishaji, alitafuta mhuri wake akaupiga chini ya ukurasa, na faili la kisimani likarudi kabatini. Nilikwenda Kongowea kumwambia Mwanaidi mwenyewe. Nikamwomba radhi palepale mezani pake, mbele ya wapagazi, kwa sababu nilimwaibisha mbele ya watu. Akanipa nazi mbili, na kesho yake asubuhi alifika kazini wa kwanza.

Tulipiga filamu ile katika ua wa Mtongwe, mchana, madirisha yakiwa na blanketi zangu za kijivu. Wigi lile nililishona mwenyewe kwa siku tisa, unywele mmoja mmoja kwenye paji la uso, na hata leo sijaona lililolizidi. Tukio la mwisho lilipigwa kwa shoti moja, yaani kamera haikukatwa tangu mwanzo mpaka mwisho. Marehemu anaingia, uso umefunikwa na nywele. Mwanaidi anatetemeka. Kisha anavuta kigoda, anamwashiria akae, anaanza kugawa nywele. Hakuna ukelele. Mtayarishaji alininong'oneza kwamba watu watalala usingizi. Mkia wa tatu ulipolazwa, na uso wa marehemu ukaonekana kwa mara ya kwanza, uso wa mtu tu, Mtayarishaji alivua miwani akaifuta na shati kwa muda mrefu.

Wanawake wa Likoni walitazama kwanza, kama tulivyoahidi, katika ukumbi wa shule baada ya alasiri. Ukumbi ulijaa mpaka wengine wakakaa chini. Nilisimama nyuma, mahali pa kusikia. Marehemu alipotokea mara ya kwanza, nilisikia sauti ya mama mmoja gizani ikisema, "Masikini, hajamalizwa." Nimefanya watu wapige mayowe, wazimie, wamwage soda. Hiyo ndiyo sifa kubwa niliyowahi kupewa, na aliyenipa hakujua kama nipo.

Taa zilipowashwa, Bi Mwanakombo aliinuka taratibu, akapita katikati ya watu mpaka alipokaa Mwanaidi safu ya mbele. Mwanaidi akasimama, akaamkia, akaitikiwa.

"Mkia wa tatu umeukaza sana," akasema Bi Mwanakombo. "Maiti hakazwi. Njoo Jumamosi nikuonyeshe."

Mwanaidi alikwenda Jumamosi ile, na Jumamosi iliyofuata. Baada ya miezi kadhaa akaingia chumbani kwa mara ya kwanza, nyuma ya wakubwa, kushika maji. Sokoni mpagazi yule alijaribu tena wimbo wake wa Mama Jini, na mwanamke wa meza ya pili akamwambia, "Funga domo lako, huyo ndiye aliyemwosha shangazi yangu."

Mimi nimestaafu sasa. Macho yamechoka kwa kazi ya unywele mmoja mmoja. Ninakaa Chaani katika nyumba niliyoijenga kwa mikono hii, na mabinti watano niliowafundisha wanafanya kazi pwani nzima. Wawili wana stashahada. Huwa wananiletea miswada niisome, na siku hizi mwanamke wa filamu za kutisha anaweza kuwa dereva wa lori, mkunga, mwalimu wa hesabu, na mara nyingi anamaliza filamu akiwa na viatu vyake vyote viwili. Bado kuna majini, na bado wasichana wanafungua milango waliyokatazwa. Sina ugomvi nao, mradi wapakwe vizuri. Ninalowaomba mabinti ni moja: kabla hamjampaka mwanamke damu, ulizeni kwa waliofanya kazi yake maisha yao yote. Mimi niliuliza kwa kuchelewa, na aliyekaribia kulipia ni mwingine.

Wiki iliyopita alinipigia simu mtayarishaji mmoja kijana wa Kisauni. Alikuwa na watu thelathini uani, taa zimewaka, kamera imesimama, na Mwanaidi, nyota wake, ameondoka ghafla baada ya kupokea simu. Kuna msiba Mtongwe, wameitwa waosha. Kijana alikuwa karibu kulia. Alitaka nimpigie Mwanaidi, kwa kuwa ananisikiliza, nimwombe arudi.

Nikamwambia siwezi kufanya hivyo. Azime taa, awape watu chai.

Akaniuliza atasubiri mpaka saa ngapi.

"Mpaka amalize," nikamwambia.